Kiriba cha Dawa

Mtu aliye na kidonda mguuni hupaka dawa penye kidonda, na sehemu nyingine za mwili wake hazina habari. Lakini ugonjwa ukiwa ndani, katika pafu, ini au kizazi, mkono haufiki. Hapo tabibu hutia dawa katika mshipa, na damu huichukua ikaizungusha mwili mzima, kutoka utosini mpaka unyayoni, kwa muda wa dakika moja hivi. Damu haichagui. Huipeleka dawa penye maradhi, na vile vile huipeleka penye uzima. Dawa ikiwa ya upole, jambo hili halina dhara kubwa. Dawa ikiwa sumu, kama zilivyo nyingi katika dawa za saratani, waweza kukisia mwenyewe, msomaji, yatakayompata mgonjwa.

Nataka kukueleza habari za watu waliojaribu kuifunga sumu moja ya namna hiyo ndani ya kiriba, ili isimwagike njiani kabla ya kufika. Kiriba, kama ujuavyo, ni mfuko wa ngozi ambao wasafiri wa kale walichukulia maji. Kiriba cha habari hii ni cha mafuta, na udogo wake ni wa ajabu: ukivipanga 80 katika mstari mmoja, urefu wake wapata kuwa sawa na upana wa chembe moja nyekundu ya damu. Wataalamu hukiita liposomu.

Tamaa ya kuiongoza dawa ni ya zamani kuliko kiriba chenyewe. Paul Ehrlich, tabibu wa Ujerumani aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1908, alitamani dawa iliyo mfano wa risasi ya uchawi, imwache mtu na kukiua kijidudu cha ugonjwa peke yake. Dawa yake ya kaswende, iliyoitwa Salvarsan, ilitoka mwaka 1910 na ikaponya watu wengi. Lakini kijidudu cha kaswende ni mgeni mwilini, na mgeni ana alama zake. Saratani si mgeni. Seli ya saratani ni seli ya mwili wenyewe iliyoacha kutii amri ya kukoma kuzaana. Yafanana na jirani zake karibu katika kila jambo, hata dawa iwezayo kuiua hii yaweza kuiua na ile iliyo nzima.

Dawa iliyo kiini cha habari yetu ni doksorubisini. Asili yake ni udongo. Wachunguzi wa kampuni ya Farmitalia ya Italia walikuwa wakitafuta katika udongo vijidudu vinavyotoa dawa, na karibu na Castel del Monte, ngome ya karne ya 13 iliyo kusini mwa nchi hiyo, walipata bakteria wa kutoa rangi nyekundu. Kutoka rangi hiyo ilipatikana dawa ya kwanza, daunorubisini. Kisha kutoka kizazi kilichobadilishwa cha bakteria wale wale ikapatikana ndugu yake, doksorubisini, ambayo iliuzwa kwa jina la Adriamycin, kwa heshima ya bahari ya Adriatic. Ni nyekundu kama wino. Ikiingia katika seli hujipenyeza katika nyuzi zinazobeba urithi, na seli ikitaka kugawanyika hushindwa. Tangu miaka ya 1970 imetumika kwa saratani ya matiti, ya damu, ya mifupa na nyinginezo nyingi, na wako watu wengi waishio leo kwa sababu yake.

Walakini ina deni lake, na deni hilo hulipwa na moyo. Msuli wa moyo hauwezi kujenga upya seli zake kama ifanyavyo ngozi, na doksorubisini huuharibu kidogo kidogo. Uharibifu huo haufutiki mgonjwa apumzikapo, hujumlika. Kwa hiyo daktari huandika hesabu ya dozi zote tangu siku ya kwanza, na hesabu ikikaribia mpaka uliowekwa, hana budi kuacha. Fikiri hali ilivyo siku ile: mgonjwa amepata nafuu, uvimbe wanywea, dawa ingali yashinda, na daktari aikataza kwa kuwa moyo haustahimili zaidi. Wengine saratani iliwaachilia, kisha moyo ukachoka miaka kadhaa baadaye. Wataalamu waliokuja kutengeneza kiriba walikuwa na hesabu hiyo mbele yao.

Mtu wa kwanza wa kiriba hakuwa akitafuta dawa hata kidogo. Alec Bangham, Mwingereza aliyezaliwa Manchester mwaka 1921, alisomea udaktari kisha akageukia uchunguzi wa damu. Kazi yake ilikuwa Babraham, kijiji kilicho karibu na Cambridge, katika taasisi ya elimu ya miili ya wanyama. Alikuwa akiuliza jinsi damu inavyoganda, na katika kuuliza huko alishughulika sana na lesithini, mafuta ya namna ya pekee yapatikanayo kwa wingi katika kiini cha yai.

Upekee wa mafuta hayo ni huu. Kila molekuli yake ina kichwa na mikia miwili. Kichwa chapenda maji, na mikia yayachukia. Zitie molekuli hizo majini, nazo hazitakuwa na raha mpaka zimejipanga kwa safu mbili, mikia ikielekeana katikati mbali na maji, vichwa vikitazama nje pande zote mbili. Hivyo hufanyika utando. Lakini utando ulionyooka una kingo, na penye kingo mikia hugusa maji. Kwa hiyo utando hujikunja mpaka kingo zikutane na kuungana. Sasa umekuwa mfuko uliofungwa pande zote, na maji yaliyokuwa karibu yamefungiwa ndani yake. Hapana mkono wa mtu ulioushona. Utando wa namna hiyo hiyo ndio uzungukao kila seli ya mwili wako. Jambo hilo lilikuwa limekwisha kuelezwa mwaka 1925 na Waholanzi wawili, Gorter na Grendel, ambao walitoa mafuta ya chembe nyekundu za damu wakaona yatosha kuzifunika mara mbili. (Wajuzi wa baadaye waligundua kwamba Waholanzi hao walikosea hesabu mahali pawili, na kwa bahati njema kosa moja likalifuta jingine.)

Mwaka 1961 Bangham na mwenzake Robert Horne walikuwa na hadubini ya elektroni. Walichanganya lesithini na maji yenye chumvi ya madini mazito, ili picha ionekane vizuri, wakatazama. Waliona duara ndani ya duara, tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu kilichokatwa, na kila tabaka ilifanana kwa namna ya kushangaza na utando wa seli iliyo hai. Habari hiyo ilichapwa mwaka 1964. Mwaka uliofuata Bangham pamoja na Standish na Watkins walionyesha jambo lililokuwa kubwa kuliko picha: vifuko vile huzuia chumvi iliyofungiwa ndani isitoke ila polepole sana. Basi vilikuwa vimefungwa kweli kweli. Rafiki zake waliviita kwa mzaha “bangosomu”. Lakini mwaka 1968 Gerald Weissmann na mwenziwe Sessa wakatoa jina lililodumu, liposomu, kutokana na maneno ya Kiyunani ya mafuta na mwili.

Aliyewaza kukifanya kifuko hicho chombo cha kuchukulia mzigo alikuwa Gregory Gregoriadis, mtu wa asili ya Uyunani aliyefanya kazi London katika chuo cha hospitali ya Royal Free. Mwaka 1971 yeye na wenziwe, Leathwood na Brenda Ryman, walitangaza kwamba wameweza kufungia kimeng'enya ndani ya liposomu. Muda si mrefu walivipiga sindano vifuko vyenye mzigo katika damu ya panya ili waone vitakwenda wapi. Matumaini yalikuwa makubwa. Mtu asingelaumiwa kufikiri kwamba lililosalia ni kutia dawa ya saratani ndani na kungoja.

Lakini mwili una walinzi. Katika ini, wengu na uboho wa mifupa zimo seli ambazo kazi yake ni kusafisha damu: humeza bakteria, humeza chembe nyekundu zilizozeeka, humeza kila kitu kisicho na haki ya kuwamo. Zilivimeza na viriba vya Gregoriadis, vingi katika muda wa dakika chache. Mzigo ulifika mahali kweli, ila ulifika kwa walinzi. Kwa miaka kumi na zaidi kizuizi hiki kiliwatesa wenye kutafuta tiba ya saratani, na wengine walisema waziwazi kwamba viriba ni kitu cha kuchezea maabarani.

Hapa naomba ruhusa nipite kando kidogo, kwa kuwa jambo hili lagusa nchi yetu. Watu wa Baringo, Turkana na Pokot Magharibi waujua ugonjwa wa kala-azar. Huenezwa na usubi, mdudu mdogo anayeruka, ambaye hupenda kujificha ndani ya vichuguu vya mchwa. Kijidudu cha ugonjwa huo kina ujanja wa kuishi ndani ya walinzi hao hao wa ini, wengu na uboho. Ndiyo sababu wengu wa mgonjwa huvimba sana. Wachunguzi wa Uingereza na Marekani walipotafakari jambo hili, mwishoni mwa miaka ya 1970, waliona kwamba kasoro ya kiriba ni sifa hapa: mlinzi akimeza kiriba chenye dawa, amempelekea adui dawa mpaka chumbani. Ndivyo ilivyokuja kuwa. Dawa ya amfoterisini iliyofungwa katika liposomu, iitwayo AmBisome, iliidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa ugonjwa huo, na katika Afrika Mashariki hutumiwa hasa kwa wagonjwa waliozidiwa na kwa wanawake wenye mimba. Vijidudu vya huku kwetu ni vigumu kushindwa kuliko vya Bara Hindi, hata dozi moja iliyowatosha wengi kule haikutosha hapa. Lakini njia ya dawa ni ile ile.

Turudi kwenye saratani. Katika mji wa Jerusalem walikuwako watu wawili waliofanya kazi bega kwa bega: Yechezkel Barenholz, mwanakemia wa mafuta ya mwili, na Alberto Gabizon, daktari wa saratani katika hospitali ya Hadassah. Katika miaka ya 1980 walitia doksorubisini katika viriba na kuwajaribu nayo wagonjwa. Jaribio halikufaulu. Viriba vilikuwa vikubwa mno, dawa ilivuja ndani ya damu, na ini lilivimeza vilivyosalia. Naona kushindwa kule kulikuwa na faida kuliko ushindi wa wengine, maana waliondoka nako wakiwa na orodha ya mambo matatu: kiriba kiwe kidogo, kiwe kigumu kuvuja, na kisijulikane na walinzi.

La udogo lilipata dawa upesi. Viriba vikisukumwa kwa nguvu katika vichujio vyenye matundu membamba sana, hutoka vikiwa vya kipimo kimoja, kadiri ya nanomita 80 hadi 100. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

La kuvuja lilitatuliwa kwa hila ambayo kila mvuvi wa pwani angeitambua. Dema la kuvulia samaki lina mlango mwepesi wa kuingilia na mgumu wa kutokea. Samaki huingia kwa hiari yake, kisha haioni njia. Barenholz na wanafunzi wake walitengeneza viriba vilivyojaa ndani maji ya salfeti ya amonia, kisha wakaiondoa chumvi hiyo katika maji ya nje. Amonia kidogo hutoroka kupitia utando, na kwa sababu hiyo ndani huwa na asidi. Sasa tia doksorubisini nje. Ikiwa haina chaji ya umeme, hupenya utando bila taabu. Lakini ikifika ndani asidi huipa chaji, na kitu chenye chaji hakiwezi kuyapenya mafuta kurudi kilikotoka. Hapo hushikana na salfeti na kuganda fuwele. Karibu dawa yote iliyotiwa nje huingia, na kiriba kimoja chaweza kubeba molekuli zaidi ya 10,000. Maelezo kamili yalichapwa mwaka 1993. Utando nao walifanya mgumu zaidi kwa kuchagua mafuta yasiyolegea katika joto la mwili, wakayachanganya na kolesteroli.

La tatu lilikuwa gumu kuliko yote, na halikutatuliwa na mtu mmoja. Huko Edmonton, Kanada, Theresa Allen aliutazama uso wa chembe nyekundu ya damu, ambayo huishi siku 120 bila kumezwa, akajiuliza imevaa nini. Mwaka 1987 yeye na Chonn walionyesha kwamba liposomu zikipewa sehemu ya vazi hilo hukaa katika damu muda mrefu zaidi. Gabizon naye alikuwa amekwenda San Francisco kufanya kazi na Demetrios Papahadjopoulos, Myunani mwingine aliyeyatumia maisha yake katika elimu hii, na mwaka 1988 wakatangaza kwamba viriba vikaavyo sana katika damu ndivyo vifikavyo kwa wingi penye uvimbe. Kisha, mwaka 1990 na 1991, makundi kadhaa yakafikia vazi lililo bora na rahisi kutengeneza: nyuzi za kemikali iitwayo polithileni glikoli, zilizopandikizwa juu ya kiriba kama nyasi. Nyuzi hizo hushika maji. Mlinzi akikikaribia kiriba hukuta maji, na maji yamo kila mahali katika damu. Doksorubisini iliyo wazi huondoka katika damu kwa dakika chache. Ikiwa ndani ya kiriba chenye vazi hilo, nusu yake huwa ingalimo baada ya siku mbili.

Labda utauliza: kukaa katika damu kwafaa nini, ikiwa kiriba hakina macho ya kuiona saratani? Jawabu lilitoka Japani. Mwaka 1986 Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda, wa Kumamoto, walionyesha kwamba mishipa ya damu ndani ya uvimbe ni mibovu. Uvimbe hukua kwa haraka na huita mishipa mipya kwa haraka, na mishipa hiyo, kama nyumba iliyojengwa na fundi mwenye pupa, huwa na nyufa. Kitu kidogo kama kiriba hupenya katika nyufa hizo, na kwa kuwa uvimbe hauna mifereji mizuri ya kutoa maji, kikiisha kuingia hukaa. Mishipa ya moyo haina nyufa za namna hiyo. Jambo hili lishike sana, msomaji, kwa kuwa limebeba hukumu nitakayoitoa hapa chini.

Wagonjwa wa kwanza walitibiwa Jerusalem, na matokeo yalichapwa mwaka 1994. Katika maji yaliyotolewa penye saratani, dawa ilikutwa mara 4 hadi 16 zaidi ya ilivyokutwa ilipopigwa bila kiriba. Mwezi wa Novemba mwaka 1995 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa jina la Doxil. Ilikuwa ya kwanza ya kipimo cha nanomita kuidhinishwa nchini humo. Ugonjwa ulioanza nao ulikuwa saratani ya Kaposi, ambayo iliwashambulia wagonjwa wa UKIMWI kwa madoa ya zambarau ngozini, mdomoni na mpaka mapafuni. Madoa hayo yamejaa mishipa ya damu mibovu, kwa hiyo kiriba kilipata uwanja wake. Katika jaribio lililochapwa mwaka 1998, wagonjwa 46 katika 100 walipata nafuu ya kupimika kwa Doxil, na 25 katika 100 kwa mchanganyiko wa dawa tatu uliotumika kabla yake.

Katika saratani ya matiti habari ilikuwa nyingine, na hapa ndipo penye uzito. Mwaka 2004 yalitoka matokeo ya wanawake 509 ambao saratani yao ilikuwa imekwisha kuenea. Nusu walipewa doksorubisini ya kawaida, na nusu ile ya kiriba. Ungetazamia, baada ya kazi ya miaka thelathini na zaidi, wale wa kiriba waishi muda mrefu zaidi. Haikuwa hivyo. Muda wa kuishi ulikuwa karibu sawa. Lakini mioyo haikuwa sawa: hatari ya kudhurika moyo ilikuwa zaidi ya mara tatu kwa waliopata dawa ya kawaida. Nywele ziliwatoka 66 katika 100 upande huo, na 20 katika 100 upande wa kiriba. Kiriba nacho kilileta adha yake mpya. Kwa kuwa hukaa sana katika damu, hupenyeza dawa katika ngozi ya viganja na nyayo, ikawa nyekundu, ikauma, na pengine kuchubuka. Wanawake 48 katika 100 walipata adha hiyo, na upande wa pili 2 tu.

Wako waandishi wasemao kwamba liposomu ni risasi ya Ehrlich iliyopatikana hatimaye. Mimi sikubali. Risasi hulengwa, na kiriba hiki hakikulengwa. Kilizungushwa na damu kama vitu vingine vyote, kikaingia penye nyufa, kikakosa kuingia pasipo nyufa. Mwaka 2016 wachunguzi wa Toronto walikusanya majaribio ya miaka kumi yaliyofanywa kwa panya na vichukuzi vidogo vya kila namna, wakapata kwamba kwa kawaida si zaidi ya sehemu 0.7 katika 100 za kilichopigwa ndizo zilizoufikia uvimbe. Tena uvimbe wa panya hukua kwa majuma, wa mtu kwa miaka, na mishipa yake haina ubovu ule ule. Mgonjwa hutofautiana na mgonjwa, na hata uvimbe na uvimbe katika mwili mmoja. Kazi kubwa ya kiriba ilikuwa kuuepusha moyo. Ukimkumbuka yule mgonjwa aliyekatazwa dawa iliyokuwa ikimponya, hutaiona kazi hiyo kuwa ndogo. Daktari sasa aweza kuendelea kupita pale alipolazimika kusimama.

Tangu hapo viriba vingine vimefuata: mwaka 2015 kimoja cha kubeba irinotekani kwa saratani ya kongosho, na mwaka 2017 kingine cha kubeba dawa mbili pamoja kwa saratani ya damu, zikiwa kwa kadiri ya molekuli 5 za moja kwa 1 ya pili. Na huenda wewe mwenyewe, au mzazi wako, umekwisha kupigwa sindano ya jamaa ya kiriba hiki. Chanjo za Pfizer na Moderna za UVIKO-19, zilizofika Kenya mwaka 2021, zilichukuliwa ndani ya punje ndogo za mafuta zenye vazi la namna ile ile ya polithileni glikoli, ingawa ndani yake punje hizo zimeshindiliwa na hazina maji kama kiriba cha kweli.

Kutengeneza kitu hiki si kazi nyepesi, na uchache wa wanaoiweza umewatesa wagonjwa. Mwaka 2011 kiwanda kimoja cha Ohio, kilichokuwa kikitengeneza Doxil, kilisimama, na hata Marekani yenyewe wagonjwa wakaandikwa katika orodha ya kungojea. Mwaka 2012 serikali yao iliruhusu dawa ya mfano huo iletwe kutoka Bara Hindi, na mwaka 2013 kampuni hiyo ya Kihindi ikapewa idhini kamili. Afrika ilikuwa imengoja muda mrefu zaidi. Saratani ya Kaposi ilijulikana Afrika Mashariki hata kabla ya UKIMWI, na kwa UKIMWI iliongezeka mno. Lakini bei ya dawa iliyoidhinishwa kwanza kwa ajili yake iliiweka mbali na hospitali nyingi za huku. Ni mwaka 2023 tu ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoiingiza, kwa ugonjwa huo, katika orodha yake ya dawa za lazima.

Mahali ipatikanapo, huwekwa katika ubaridi usiofikia kuganda, kisha hutiwa katika maji ya dripu na kuachwa idondoke polepole, nyekundu vile vile kama ilivyotoka katika udongo wa Italia. Mgonjwa akiisha, muuguzi humpa maagizo ya siku zifuatazo: asioge maji ya moto, asivae viatu vya kubana, asitembee mwendo mrefu, wala asishike jembe wala mchi, mpaka viganja vyake vitakapokuwa salama.